Kahawa ya Mwito wa Tatu

Tarehe 4 Machi

Shemeji,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Ukinipigia naanza vizuri tu na salamu, halafu sauti inakatika, na kosa si la mtandao. Kwenye karatasi nikinyamaza hakuna anayesikia.

Goti linaendeleaje? Ile fimbo niliyoifunga mpira chini usiiache nyumbani ukitoka. Mimi mzima, nakula, duka nafungua saa mbili kamili na saa za watu natengeneza. Mwanangu mkubwa anapiga kila Jumapili kuuliza kama naitumia mashine ya kahawa. Namwambia naitumia. Ukweli ni kwamba wiki iliyopita niliichomoa, nikaizungushia waya wake shingoni kama mtu anayenyonga kuku, nikaipandisha juu ya kabati. Halafu nikateremsha birika la dada yako.

Lilikuwa na vumbi mpaka ndani. Nimelisugua kwa chumvi na limau. Kile kipini cha mbao kilichoungua upande mmoja kipo vilevile, na jiko la gesi bado linawaka jicho moja tu. Tatizo ni kahawa yenyewe. Nimeipika asubuhi sita mfululizo na inatoka chungu, ina machicha yanayong'ang'ania kwenye meno. Nimekaa na mwanamke yule miaka thelathini na nne na sijui alikuwa anafanya nini pale jikoni. Nilikuwa nakuta kikombe mezani, basi. Ni aibu, lakini ndiyo hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza: alikuwa anaipikaje?

Swali la pili ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Juni ya mwaka jana dada yako aliliweka birika kando, akaleta mashine, akasema kuanzia leo tunabonyeza. Tuligombana. Tangu siku ile hakunipikia tena, mpaka Januari homa ya mapafu ilipokuja ikamchukua kwa siku tisa. Nyinyi mlikuwa chanda na pete, hakuna alichokuficha. Nijibu bila kunionea haya, shemeji. Alinichoka?

Ni mimi,
Fundi Saa


Tarehe 11 Machi

Bwana Dakika,

Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa mgeni nyumbani kwako! Unakaribishwa, unanywa, unaaga. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Haya, fungua masikio. Maji baridi vikombe viwili, kahawa vijiko vitatu vilivyojaa, usifute juu kwa kidole kama unapima dawa. Koroga maji yakiwa bado baridi, baada ya hapo kijiko weka mbali. Moto uwe mdogo, ule wa kukukera. Povu likipanda mpaka shingoni mwa birika, inua haraka, liache lishuke, rudisha. Likipanda mara ya pili, ondoa kabisa, funika, acha itulie kama dakika moja mbili ndipo umimine. Ukimimina kabla haijatulia utatafuna machicha, na hilo naona umeshalizoea.

Goti limepata nafuu, na tafadhali acha kunitumia dawa za kuchua, kabati limejaa.

Hilo swali lako la pili ni la kipuuzi. Dada hakukuchoka. Mwingine angekuchoka mwaka wa tatu, kwa kero zako zile za kurekebisha saa za watu ukutani ukiwa mgeni. Yeye hakukuchoka. Tuyaache hayo, pika kahawa.

Shemeji yako,
Mkunga Mstaafu


Tarehe 18 Machi

Shemeji,

Asante kwa maelekezo. Nimeyafuata kama yalivyo. Uliandika "kama dakika moja mbili", kwa hiyo nikachukua saa ya kupimia mbio, ile ya mwalimu wa michezo ambayo hajaifuata, nikapima dakika moja na nusu, ambayo ndiyo katikati. Machicha. Kesho yake dakika mbili. Machicha. Nikapanda kwa sekunde sitini kila siku na kuandika matokeo kwenye daftari. Kufika dakika sita machicha yametulia lakini kahawa imepoa, na mimi nimesimama kwenye kaunta ya duka nimevaa lenzi ya jichoni naangalia kikombe. Kinyozi wa mlango wa pili aliponikuta hivyo aligeuka, akarudi kwake.

Umeniambia tuyaache. Siwezi kuyaacha, shemeji, maana wewe hukuwepo siku ile.

Aliiweka mashine mezani, akabonyeza, ikaguguna na kutema. Akanisogezea kikombe akitabasamu. Nami nikasema, nakumbuka kila neno: "Kahawa ya kubonyeza watu wananywa ofisini. Kama umechoka kunihudumia sema." Nikainuka, nikaenda kunywa kwa kinyozi. Nilikunywa kwa kinyozi miezi saba. Kila asubuhi yeye anabonyeza, anaweka kikombe mahali pangu, na kila asubuhi mimi nakitupia jicho tu, navaa viatu. Jeuri yangu mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Halafu zile safari zake za kuja kwako, kila wiki tatu, siku mbili siku tatu, eti kukuuguza goti. Nilikuwa nasema moyoni, anapumzika na mimi. Mke anayekupikia kwa moyo wote miaka thelathini na tatu, halafu siku moja anaacha na kuanza kukimbilia kwa mdogo wake. Wewe ungefikiri nini?

Fundi Saa


Tarehe 26 Machi

Bwana Dakika,

Lirudishe hilo daftari kwa wenye akili. Dakika ya jikoni si dakika ya dukani kwako.

Nimekaa nikakumbuka nilipokuwa nakuja kwenu, nalala chumba cha uani, nasikia kila kitu. Dada akishaondoa birika jikoni alikuwa anakuita. "Fundi, kumekucha!" Wewe unaitika "nakuja" na kujigeuza upande wa pili. Anatoa vikombe, anavifuta, anaita tena: "Fundi, inapoa!" Unaitika "nakuja", hapo hata jicho hujafungua. Anakaa, anakunja kanga yake vizuri, halafu mara ya tatu anasema kwa sauti ya chini kabisa: "Fundi, naimwaga." Hapo ndipo nilikuwa nasikia kandambili zako zinakimbia. Ukifika mezani kahawa imetulia na bado ya moto. Kipimo hakikuwa saa, shemeji. Kipimo kilikuwa uvivu wako. Aliniambia mwenyewe, na alicheka, kwamba siku ukiamka kwa mwito wa kwanza mtakunywa matope wote wawili.

Ndivyo alivyoipika siku zote, mpaka vidole vilipomkatalia kulishika birika. Kwa hiyo mwombe kinyozi awe anakuita kupitia ukutani. Sauti anayo.

Usikonde kwa mawazo. Mtu aliyechoka na mumewe hasimami jikoni akiita mara tatu.

Mkunga


Tarehe 1 Aprili

Shemeji,

Kazi yangu ni vitu vidogo. Mteja anasema saa imesimama tu, mimi natafuta jino moja lililokatika.

Umeandika "mpaka vidole vilipomkatalia kulishika birika". Vidole gani? Vilimkatalia lini?

Fundi


Tarehe 9 Aprili

Shemeji yangu,

Ulimi hauna mfupa, na kalamu kumbe nayo haina. Nimeisoma barua yako ya mistari mitatu siku sita. Nimeandika majibu manne ya kukupiga chenga, nimeyachana yote. Nilimwapia dada kwamba hutajua kamwe. Leo navunja kiapo, na Mungu atajua la kunifanya.

Kaa chini kwanza.

Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma hata siku moja. Dada alikuwa na saratani ya titi. Aliambiwa Aprili ya mwaka jana, kwenye hospitali ya huku kwetu, ambako nilimpeleka mimi. Zile safari za kila wiki tatu alikuja kutundikiwa dripu za dawa. Analala kwangu siku mbili mpaka kichefuchefu kipungue, anapaka poda, anapanda basi, anarudi kwako. Kile kilemba cha bluu ulichokisifia ukasema kimemrudisha usichana, chini yake hakukuwa na unywele.

Dawa zilimtia ganzi vidoleni. Wiki ya kwanza ya Juni birika lilimponyoka jikoni, kahawa yote ikamwagikia mguuni. Wewe ulikuwa chumbani, ukauliza kimeanguka nini, akasema kifuniko. Siku ileile akampigia mwanenu amnunulie mashine, akamdanganya kwamba ni wewe unayeitamani. Hakuacha kukupikia, shemeji. Alitafuta namna ambayo vidole vyake vingeiweza, na iliyopatikana ilikuwa ile ya kubonyeza.

Nilimwuliza kwa nini hakwambii. Alisema: "Akijua ataacha kugombana na mimi. Atakuwa ananinywesha uji na kunitazama. Mwache anune, nikimwona amenuna najihisi mzima." Asubuhi ile uliyosusa kikombe alinipigia, anacheka na kulia kwa pamoja. Akasema, "Fundi amenigomea kama tumeoana jana."

Homa ya mapafu ilikuwa kweli. Ila ilikuta mwili hauna kitu. Zile siku tisa, mimi ndiye niliyezungumza na daktari mlangoni kabla yako, nimevaa koti langu la zamani la kazi, nikamwomba akuambie homa tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilidhani nakufanyia wema.

Sasa unajua. Hakukuchoka. Kunichukia unaweza, haki unayo, lakini hilo moja usiliwaze tena.

Mdogo wake


Tarehe 7 Mei

Shemeji,

Wiki nne hujajibu. Nimempigia kinyozi, anasema duka unafungua, salamu unaitika, kwake hunywi tena. Sikuombi barua ndefu. Andika tu "nipo", nilale.

Mkunga


Tarehe 20 Mei

Shemeji,

Nipo.

Ulidhani ungenipunguzia. Umenipunguzia kweli, kwa siku moja. Siku ile nililia kama mtoto kwa furaha, kwamba hakunichoka. Nikapika kahawa kama ulivyoeleza, nikaiondoa jikoni, nikaita. Niliita mara moja tu, maana hakuna aliyesema "nakuja". Nikazima jiko, nikakaa, na hapo ndipo hasira zikaanza.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeumbuka hapa ni mimi. Mke wangu anaungua mguu hatua kumi kutoka kitandani kwangu na mimi naridhika na kifuniko! Ana kilemba, namwambia amekuwa msichana! Wewe na yeye mnajua, nyote wawili, mnanitazama navaa viatu vyangu nakwenda kwa kinyozi na kidevu juu. Nilikutumia dawa ya kuchua chupa saba, shemeji. Saba. Nilizifunga mwenyewe kwa gazeti zisivunjike njiani.

Mimi natengeneza vitu vilivyoharibika. Tangu nina miaka kumi na tisa sijui kazi nyingine. Ningelishika birika mimi. Ningebonyeza hiyo mashine mimi. Ningemshika mkono kwenye basi, ningekaa kwenye benchi la hospitali nishike ndoo atapike ndani yake. Ningejifunza. Mlinikadiria nyinyi wawili mezani kwako, mkaona siwezi.

Yeye nimemsamehe kabla sijamaliza kusoma, kwa sababu ni yeye, na mwili ulikuwa wake. Wewe sijui. Nashindwa kukuwaza bila kuliona lile koti mlangoni.

Usinipigie simu.

Fundi


Tarehe 28 Mei

Shemeji,

Sikupigii. Ila kuna jambo nililibakiza, na baada ya barua yako siwezi kuendelea kulificha nyuma ya kiapo cha marehemu. Kiapo ni kweli nilikula. Lakini yeye mwenyewe alitaka kukivunja.

Ilikuwa Desemba, safari yake ya mwisho kwangu. Tumekaa ukumbini, namsugua miguu, akasema: "Nikirudi namwambia Fundi. Nimemkumbuka na ninalala naye kitanda kimoja." Maneno yake hayo. Na mimi nikamwambia asubiri. Nikasema ngoja tupate vipimo vya Januari, usimtie presha bure, wanaume wakiingiwa na hofu wanakuwa mzigo wa pili. Akasema, "Wewe ndiye unayezijua hizi kazi." Vipimo vya Januari havikumkuta.

Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja. Na kwa miaka hiyo yote, jambo la kwanza nililofanya nikiingia chumbani ni kumtoa mume nje. Kaa pale, usiulize, utaitwa. Anakuja kuitwa mambo yameisha, mtoto ameshafungwa kitambaa, damu imefutwa. Nilidhani ndiyo huruma yenyewe. Dada alipougua sikufikiri mara mbili, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mlango, nikakutoa nje na wewe. Tofauti ni kwamba safari hii hukuwa na cha kuja kukabidhiwa.

Umesema tulikukadiria sisi wawili. Hapana. Mwishoni aliyekukadiria ni mimi peke yangu, na nilikosea. Ungeweza kushika ndoo.

Sitetei kitu. Dada yangu alikufa akimkumbuka mumewe kama vile yuko chumba cha pili, na nyuma ya mlango uliowatenganisha nilisimama mimi. Ukiniambia tusijuane tena, nitakubali.

Mkunga


Tarehe 8 Juni

Shemeji,

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka saa tano asubuhi. Kinyozi akadhani nimefiwa tena. Nikatembea mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi, nikafungua. Mchana nikafunga tena. Wateja wameanza kusema.

Nilikuwa nimeshaandika ile barua uliyoiogopa. Ilikuwa fupi na nilikuwa nimeibandika stempu. "Tusijuane", sawasawa kama ulivyosema. Nikaiweka mfukoni siku nne. Siku ya tano nilikuwa napika kahawa, bado naipika vibaya, na nikajikuta nataka kujua kitu kimoja kidogo tu: alipokuwa kwako, siku zile za dripu, aliweza kunywa kahawa? Au harufu ilimkera? Nikageuka kumwuliza mtu. Watoto hawajui. Kinyozi hajui. Mimi mumewe sijui. Duniani kote anayejua ni mtu mmoja.

Nikakaa chini hapohapo jikoni. Miezi tisa ya mke wangu unayo wewe, shemeji. Mimi nilikuwa na mgongo wake tu, anabonyeza mashine. Alikuwa anasema nini akiumwa? Alilala upande gani? Alinitukana? Alimcheka nani huko wodini, maana najua alimcheka mtu. Barua ya stempu ingenifungia hayo yote ndani, na safari hii mlango ningekuwa nimeufunga mwenyewe.

Nimeichana.

Basi la kutoka huko linaingia saa nane mchana. Nimekufagilia chumba cha uani, nimebadilisha kitasa, godoro nimelianika juani siku mbili. Njoo ukae. Unisimulie kuanzia Aprili ile, siku baada ya siku, na usinirukie hata moja. Zile mbaya ndizo ninazozitaka zaidi. Nikilia usisimame kunitoa nje, na usitoke wewe.

Sijakusamehe. Njoo hivyohivyo.

Shemeji yako,
Fundi Saa